IST inagonga injini ikishapata moto, fundi anataka kuishusha kesho. Nisaidieni kujua tatizo kabla haijafunguliwa

Mwana wa Ilula (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba msaada wenu, hasa mafundi na wale ambao yamewahi kuwakuta. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ya cc 1500, gia otomatiki. Wiki iliyopita tulikwenda Iringa msibani, watu wanne na mizigo. Kitonga ilipanda vizuri, haikuchemsha. Wakati wa kurudi, kwenye matuta ya hifadhi ya Mikumi, kila nikikanyaga breki taa nyekundu ya oili inamulika halafu inazima. Nikaona ni sekunde moja tu, nikaendelea na safari. Kufika Chalinze nikaanza kusikia ko-ko-ko kwa mbali, nikadhani kava ya chini imelegea. Kufika Kibaha kila aliyekuwa ndani ya gari anaisikia.

Asubuhi nikiiwasha ikiwa ya baridi inatulia, mlio ni mdogo sana. Ikishapata moto ndiyo inagonga, tena mlio mzito, kama mtu anapiga nyundo kwenye ubao.

Fundi wa mtaani kwetu Mbezi aliisikiliza nusu dakika akasema injini imekwisha, ishushwe ifungwe ya mtumba, niandae milioni moja na laki nane. Anataka kuanza kesho. Hela hiyo sina, na hata ningekuwa nayo ningetaka kwanza kujua kilichoharibika ni nini. Gari hii ndiyo inampeleka mama kliniki kila mwezi.

Nianzie wapi?

Kiboko wa Rufiji

Pole na msiba mkuu. Ushauri wa kwanza: usiiwashe tena mpaka umeangalia oili. Usiende nayo hata dukani.

Babu Spana (Jumatatu, saa 4 usiku)

Kijana, pole kwa msiba. Mimi nimeshika spana tangu enzi za Datsun na Peugeot 504, na bado naingia gereji kila siku. Nakuomba uzuie hiyo kazi ya kesho. Fundi wako anaweza kuwa amepatia kabisa, lakini nusu dakika ya kusikiliza haitoshi kumshushia mtu injini.

Kugonga si ugonjwa mmoja. Vitu zaidi ya kumi vinaweza kugonga ndani na nje ya injini, na vingine vinatibika kwa boliti moja. Kinachovitofautisha ni *wakati* vinapogonga, kuliko ukubwa wa mlio. Kwa hiyo kabla sijasema lolote nijibu haya:

Oili iko wapi kwenye kijiti chake? Pima injini ikiwa baridi, gari iko sehemu tambarare. Mara ya mwisho ulibadilisha lini, na uliweka namba gani?

Mlio unasikika zaidi ikiwa imetulia kwenye silensa (inanguruma bila kukanyagwa), au ukikanyaga resi kidogo, au ukiachia resi?

Ukiwasha AC unabadilika? Ukitoa gia kutoka N kwenda D unabadilika?

Unatokea juu kwenye kava ya hedi, chini kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), au upande wa mikanda?

Na kuna fundi yeyote aliyewahi kufungua sampu ya hiyo gari? Hili swali la mwisho usiliruke.

Mwana wa Ilula (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Shikamoo mzee. Asante sana, nimemzuia fundi.

Nimepima oili sasa hivi. Kijiti kimetoka kikavu, ncha tu ndiyo imelowa. Nimeshtuka, maana hakuna tone chini ya gari. Nilibadilisha kama miezi saba iliyopita, na tangu hapo nimetembea zaidi ya kilomita 9,000 nikijumlisha safari ya Iringa. Niliweka 5W-30.

Nimeongeza, imeingia lita moja na robo tatu ndipo ikafika alama ya juu. Nikaiwasha dakika tano. Mlio umepungua lakini haujaisha. Unasikika zaidi nikiipandisha polepole mpaka kwenye 2,000 na 2,500 hivi, halafu nikiachia resi inagonga kwa mfululizo wakati inashuka. AC haibadilishi kitu. Kuingiza D inazama kidogo, mlio ni uleule. Kwa sikio langu unatoka chini.

Sampu, ndiyo: mwaka jana ilikuwa inavuja, fundi mmoja akaifungua na kuirudisha.

Babu Spana

Marahaba kijana. Zima hiyo gari, usiipige resi tena kwa sasa.

Injini hiyo inabeba oili lita 3.7 ukibadilisha na filta. Imeingia moja na robo tatu, maana yake ulitoka Iringa na nusu tu ya oili. Kule Mikumi ukikanyaga breki, kile kidogo kilichobaki kilikimbilia mbele ya sampu, chujio likavuta hewa, presha ikaanguka, taa ikamulika. Watu wengi wanadhani ile taa inapima wingi wa oili. Inapima presha, na inawaka presha ikishashuka kabisa. Ikimulika hata sekunde moja, unasimama pembeni pale pale na kuangalia kijiti.

Kwa maelezo yako, mlio mzito, unatoka chini, unaongezeka injini ikipata moto na unasikika zaidi ukiachia resi, nashuku beringi ya bigendi, yaani ile inayoshika konrodi (mkono wa pistoni) kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ila nashuku tu. Tutapima.

Dereva wa Usiku

Mzee samahani, nina wazo tofauti. Mimi IST yangu ilikuwa inagonga kwenye mlima wa Kimara nikiwa na abiria. Nikabadilisha kituo cha mafuta, ikaacha. Jamaa asije akatumia hela nyingi kumbe ni petroli mbaya.

Babu Spana

Wazo lako lina msingi, na nashukuru umelileta, kwa sababu Kiswahili chetu cha gereji kinaviita vyote "kugonga" wakati ni vitu viwili.

Uliyoisikia wewe Kimara ni mafuta kulipuka kabla ya wakati, au kulipuka vibaya ndani ya silinda. Petroli yenye okteni ndogo, masizi mengi juu ya pistoni, injini kuchemka, au taimingi (wakati wa cheche) iliyotangulia sana vinaweza kuleta hiyo. Mlio wake ni mwepesi na mkali, kama misumari inatikiswa kwenye kopo, na unakuja injini ikiwa imebeba mzigo: unapanda mlima, umekanyaga, gia kubwa. Ukiachia mguu unakufa papo hapo. Injini hizi za VVT-i zina sensa ya kugonga kwenye bloku. Ikisikia hivyo, kompyuta inarudisha taimingi nyuma kujilinda. Sensa yenyewe ikifa unapata kodi ya hitilafu P0325 kwenye mashine na gari inakosa nguvu.

Ya kijana wetu ni kinyume. Inagonga hata ikiwa imesimama, haina mzigo, na anapoachia resi ndiyo inazidi. Petroli haihusiki.

Mama Raum (Jumanne, saa 7 mchana)

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Raum yangu inatoa tik-tik-tik ya haraka asubuhi, dakika tatu nne hivi, kisha inapotea kabisa mpaka kesho yake. Oili iko juu, nimepima baada ya kusoma hapa. Nami niogope?

Babu Spana

Hapana dada yangu, usiogope, umefanya vizuri kupima. Mlio wa asubuhi unaopotea na joto na mlio unaokuja na joto ni kama usiku na mchana. Beringi zinazokufa huzidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi. Kinachopotea na joto mara nyingi ni moja ya hivi viwili: pistoni yenye nafasi kidogo ndani ya silinda, ambayo ikipata moto inatanuka na kutulia, au moshi unavuja kwenye gasketi ya menifoldi ya ekzosi, chuma kikitanuka tundu linaziba.

Kesho asubuhi mwambie mtu awashe gari wewe ukiwa umefungua boneti. Pitisha kiganja karibu na menifoldi, usiiguse, sekunde za mwanzo bado haina moto. Kama kuna upepo unakupiga pigo kwa pigo, ni gasketi. Angalia pia kama kuna alama nyeusi ya masizi kwenye maungio.

Boxa wa Nakuru

Niongezee kwa huyo dada. Subaru za EJ25 zinajulikana sana kwa hiyo ya pistoni asubuhi, watu wanakaa nayo miaka na gari inatembea. Lakini Subaru hizo hizo zinajulikana pia kwa kuua beringi za konrodi ukizinyima oili. Kwa hivyo baridi au moto, hilo ndilo swali la kwanza, mzee amesema kweli.

Mtu wa X-Trail (Jumanne, saa 12 jioni)

Naomba niseme jambo kabla ndugu yetu hajakata tamaa. Mwaka juzi X-Trail yangu ilikuwa inagonga mlio mzito chini, mafundi wawili wakasema bigendi. Nikanunua injini nyingine. Wakati wanatenganisha injini ya zamani na gia boksi ndipo wakakuta ile sahani ya chuma inayounganisha krenki na konveta ya gia otomatiki imepasuka kuzunguka boliti. Hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga. Injini yangu ilikuwa nzima. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo sikilizeni nyuma ya injini pia, na upande wa mbele angalieni puli ya krenki, maana ina mpira katikati na ukichoka puli inacheza na kugonga kama injini.

Babu Spana

Pole sana ndugu yangu. Ndiyo maana nilimuuliza kuhusu N na D. Sahani ikipasuka, mara nyingi mlio hubadilika unapoingiza gia kwa sababu mzigo unahama. Wake haukubadilika. Hata hivyo tutapita huko kote. Kijana, kesho tafuta fundi mtulivu, si lazima awe maarufu, mfanye haya kwa mpangilio huu. Vifaa ni bisibisi ndefu, taa ya taimingi kama anayo, na geji ya presha ya oili.

Kwanza toeni mkanda wa nje, washeni injini nusu dakika tu bila huo mkanda. Alteneta, kompresa ya AC na pampu ya maji vyote vitakuwa vimesimama. Mlio ukibaki, mmeviondoa vyote kwenye orodha kwa mara moja. Msizidishe muda, maana maji hayazunguki.

Pili, bisibisi. Ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio. Anzeni kava ya hedi, shukeni upande wa cheni, shukeni kwenye bloku, malizieni kwenye sampu. Mlio utakuwa mkali zaidi pale ulipo karibu na chanzo. Mikono ya shati ikunjwe, na mjue feni ya rediata inaweza kuanza kuzunguka yenyewe bila taarifa.

Tatu, na hii ndiyo naipenda, mzee aliyenifundisha aliniachia: taa ya taimingi. Ikamatisheni kwenye silinda namba moja. Taa inamulika mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Vali na tapeti (vikombe vinavyosukuma vali) zinafuata kamshafti, mhimili unaofungua vali, ambayo inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo tapeti ikigonga, mlio mmoja unakwenda na mmuliko mmoja. Kitu cha krenki kama bigendi au pini ya pistoni mara nyingi kinagonga mara mbili kwa kila mmuliko. Sikio linaweza kudanganywa na mwangwi wa bloku, lakini hesabu hiyo inasaidia. Na 1NZ haina tapeti za oili, zake ni vikombe vya chuma. Zikilegea zinapimwa kwa fila (vijibati vya kupimia nafasi) na kubadilishwa kikombe chenye unene mwingine. Inataka injini ya baridi, vali za kuingiza 0.15 mpaka 0.25 mm, za kutoa 0.25 mpaka 0.35.

Nne, kata moto silinda moja moja. Kila plagi ya IST ina koili yake inayoipa umeme, ni kuchomoa soketi tu. Injini iwe na moto, ishikeni kwenye 1,500 hivi mahali inapogonga vizuri. Chomoa ya kwanza, sikiliza, rudisha. Ya pili, hivyo hivyo. Silinda ikikosa mlipuko, pistoni yake haisukumwi kwa nguvu, na bigendi yake inanyamaza au inapungua waziwazi. Msizidishe sekunde kumi kwa kila moja, petroli mbichi inaosha oili ukutani mwa silinda na kuharibu katalisti.

Tano, toa swichi ya presha ya oili, funga geji. Nipe namba za injini ikiwa na moto: kwenye silensa na kwenye 3,000. Hiyo ya 3,000 igusweni tu, msome na kuachia.

Fundi Umeme Tegeta

Nakazia hapo kwa koili. Zima kwanza ukiwa unachomoa kama hujazoea, ule umeme unatupa mkono vibaya. Na taa ya injini itawaka kwa kuwa silinda imekosa moto, msihangaike, itafutwa baadaye kwa mashine.

Mwana wa Ilula (Alhamisi, saa 2 usiku)

MREJESHO.

Nimempata fundi mmoja Kimara, kijana mwenzangu, nikamwonyesha uzi huu wote kwenye simu. Amekaa chini akausoma mpaka mwisho kabla hajashika kitu. Tukafuata kama mzee alivyopanga.

Bila mkanda, mlio uko pale pale. Bisibisi: juu kwenye kava ya hedi ni mwepesi, cheni inasikika kawaida, chini kwenye sampu karibu na katikati mlio unagonga mpaka kwenye meno. Taa ya taimingi hatukupata.

Koili namba moja, hakuna mabadiliko. Namba mbili, hakuna. Namba tatu, ko-ko-ko ikanyamaza. Tulitazamana. Tukairudisha, ikaanza tena. Namba nne, hakuna mabadiliko.

Geji, injini ikiwa na moto: silensa psi 5, kwenye 3,000 psi 16.

Kiboko wa Rufiji

Psi 5 kwenye silensa hiyo injini imekwisha mkuu, mimi ningetegemea 15 kwenda juu.

Babu Spana

Hapana, hapa tuwe waangalifu. Toyota kwa 1NZ wanaandika kPa 29 au zaidi kwenye silensa, hiyo ni kama psi 4 na kidogo. Kwa hiyo 5 ni ndogo lakini bado iko ndani ya kitabu. Kwenye 3,000 wanataka kPa 150 mpaka 550. Yake 16 ni kama kPa 110. Hapo ndipo imefeli. Anayepima silensa peke yake anaweza kuipa gari cheti cha afya wakati ni mgonjwa, na mwingine anaweza kuiua iliyo nzima.

Kijana, bigendi namba tatu, sasa nasema kwa kujiamini. Lakini kuna kitu bado kinanisumbua. Umeshajaza oili mpaka juu, na presha bado ni ndogo. Beringi moja iliyolegea inavujisha presha, ndiyo, lakini nataka nione chujio la ndani ya sampu. Ulisema ilifunguliwa mwaka jana.

Jembe la Gerezani

Mkuu badala ya yote haya weka 20W-50 na ile dawa ya kuongeza uzito wa oili. Mlio unapotea, unaiuza, unaongeza hela unanunua nyingine. Wengi wanafanya hivyo.

Babu Spana

Ninalipinga hilo kwa moyo wangu wote. Oili nzito inaziba mlio kwa wiki mbili tatu, beringi inaendelea kulika, mwisho konrodi inatoboa bloku. Aliyeinunua anaweza kuwa kwenye mteremko wa Sekenke na watoto ndani siku hiyo. Usimshauri mtu amuuzie mwenzake gari hiyo.

Na nyie mnaonunua magari ya mkononi: fikeni injini ikiwa ya baridi, kabla muuzaji hajaiwasha. Chomoeni kijiti, oili ikidondoka kama asali, ulizeni kwa nini. Halafu endesheni mpaka ipate moto kweli, nusu saa, ndipo msikilize.

Mwana wa Ilula

Siiuzi mzee. Nitaifungua nijue.

Pwani Makanika (Ijumaa, saa 4 asubuhi)

Salaam kutoka Mombasa. Nimefuata uzi huu tangu jana usiku. Kabla hujashusha, fanya jambo moja la bei rahisi: toa filta ya oili uikate. Usikate kwa msumeno wa chuma, unga wa msumeno utakuchanganya. Tumia mkasi wa bati au chombo chake maalumu. Toa ile karatasi ya ndani, ikamue, itandaze juani kwenye karatasi nyeupe.

Makanika wengi hapa huangalia vipande vya rangi ya shaba, wasipoviona wanasema beringi ni nzima. Hilo lilikuwa kweli zaidi kwa beringi za zamani. Beringi nyingi za magari madogo ya Kijapani siku hizi ni za aluminiamu, unga wake unang'aa kama fedha. Pitisha sumaku. Ukishikwa ni chuma, huenda kimetoka kwenye cheni, ringi au pampu. Usiposhikwa na unang'aa, hiyo ni beringi yako inakwenda na maji.

Mwana wa Ilula (Ijumaa, saa 11 jioni)

Kaka wa Mombasa, umesema kweli tupu. Karatasi ya filta imejaa vumbi linalong'aa kama rangi ya fedha ya kucha. Sumaku haishiki. Kuna pia vipande vidogo laini vyeusi kama mpira, sijui ni nini.

Babu Spana

Mimi najua ni nini. Shusha. Usiruhusu chochote kutupwa kabla hujakipiga picha.

Mwana wa Ilula (Jumatano iliyofuata, saa 3 usiku)

MREJESHO WA PILI, mrefu kidogo, nivumilieni.

Injini imeshuka Jumatatu. Kitu cha kwanza fundi alichokigeuza ni sampu. Chujio la kuvutia oili, lile la waya, zaidi ya nusu limezibwa na silikoni nyeusi. Vipande vinene kama vidole vya mtoto mchanga, vimekatika kutoka kwenye ukingo wa sampu na kunyonywa. Aliyeziba uvujaji mwaka jana alipaka silikoni nyingi mno. Iliyotokea nje aliifuta ikapendeza, iliyominywa ndani haikuonekana. Kwa mwaka mzima injini yangu ilikuwa inanyonya oili kwa mrija uliozibwa, na siku oili ilipopungua nusu, ikashindwa.

Kofia ya konrodi namba tatu ilipofunguka, beringi ya juu imelika mpaka chuma cha mgongo kinaonekana, na imeanza kujizungusha kwenye kiti chake. Namba mbili ina mikwaruzo. Moja na nne zimepauka tu. Za meni, zinazoshika krenki kwenye bloku, fundi amesema ni nzuri ila tutabadilisha zote.

Krenki tumepeleka kwa watu wa mashine, wakapima kwa maikromita. Shingo ya tatu imekwaruzika na imepoteza uduara. Wameichonga, zote nne za konrodi, kwenda saizi ya kwanza ya 0.25. Konrodi namba tatu nimebadilisha kwa sababu kiti chake kiliharibika, nimepata ya mtumba ya 1NZ, wakaipima uzito ikalingana na zile nyingine.

Oili ilikuwa inakwenda wapi? Ringi za oili kwenye pistoni zilikuwa zimeganda kwa masizi, matundu yake yamezibika. Zilikuwa zinachoma oili bila moshi wa kutisha, ndiyo maana sikuona tone chini. Tumeweka ringi mpya.

Mtu wa X-Trail

Kwa hiyo ungefunga injini ya mtumba kwa yule fundi wa kwanza, na kama angechukua sampu yako na chujio lako kuvihamishia kwenye injini mpya...

Mwana wa Ilula

Ndivyo alivyosema angefanya kaka. Sampu yangu ilikuwa imenyooka, angeihamisha. Nilipoiona ile silikoni nilikaa kimya muda mrefu.

Babu Spana

Ahsante kwa picha. Sasa nisikilize kwenye kufunga, hapa ndipo kazi nzuri inaharibiwa jioni ya mwisho.

Krenki iliyochongwa ina unga wa jiwe kwenye matundu yake ya oili. Pitisha brashi nyembamba na mafuta ya taa kila tundu, kisha upepo wa kompresa, kisha rudia. Bloku pia. Pampu ya oili ifunguliwe, ule unga wa beringi umeshapita humo, itazameni kama ina mikwaruzo mirefu. Chujio la sampu lioshwe mpaka uone mwanga kila tundu, kama linakataa nunua jingine.

Nafasi kati ya beringi na krenki mpime kwa ule uzi wa plastiki: weka kipande, kaza kofia kwa kipimo, fungua, linganisha upana. Ni mia chache za milimita, haisomeki kwa kuchezesha na mkono. Boliti za konrodi kwenye injini hii zinakazwa kwa kipimo kisha kuongezwa digrii, kwa hiyo spana ya kupimia ni lazima. Boliti iliyovutika haifungwi tena.

Silikoni kwenye sampu: mstari mwembamba usiokatika, milimita tatu nne, unapita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuweka oili. Na kabla ya kuwasha, toa koili zote na soketi za injekta, piga stata mpaka geji ionyeshe presha imepanda. Ndipo uwashe.

Boxa wa Nakuru

Na oili ya kwanza imwagwe mapema pamoja na filta, kilomita 500 hivi. Itoke na uchafu wote wa kuzoeana.

Mama Raum (Ijumaa)

Mzee Babu Spana, nimesimamia mwenyewe. Mwanangu aliwasha, mimi nikapitisha kiganja. Upepo ulinipiga vidoleni kabisa, upande wa silinda ya mwisho, na kuna masizi meusi kwenye ungio. Gasketi ya menifoldi na boliti moja iliyokatika. Imefungwa jana, leo asubuhi kimya. Mungu akupe umri mrefu.

Babu Spana

Amina dada yangu. Umefanya kazi ya fundi.

Mwana wa Ilula (wiki tano baadaye)

Wakuu, mrejesho wa mwisho.

Iliwaka mara ya kwanza. Geji iliachwa imefungwa siku mbili: injini ikiwa na moto, silensa psi 17, kwenye 3,000 psi 46. Kwa jumla nimetumia chini ya ile milioni moja na laki nane, ila si kwa mbali sana, niwe mkweli kwa wanaopiga hesabu. Kuchonga krenki, ringi na kazi ya fundi ndivyo vilivyokula zaidi.

Oili ya kwanza niliimwaga kwenye kilomita 500, filta tukaikata tena juani kama kaka wa Mombasa alivyofundisha. Karatasi safi. Juzi nimefikisha kilomita 1,900. Kijiti nakiangalia kila Jumamosi asubuhi, na mpaka sasa kimeshuka kwa upana wa kucha tu.

Kesho alfajiri tunakwenda Ilula kwa arobaini. Nimeweka lita moja ya akiba kwenye buti.